Mashavu ya Bibi Harusi na Sukari ya Alasiri

Wanangu mliovaa sare juzi, chuoni mlifundishwa kumwuliza mgonjwa, "Unatumia dawa gani?" Swali zuri, lina adabu zake, na huku kwetu Kisauni halitawaletea chochote. Mtu atakutazama usoni akujibu, "Situmii dawa yoyote, Sista," na wala hasemi uongo. Dawa kwake ni ile aliyoandikiwa na daktari. Vidonge alivyopewa na jirani kwa ajili ya magoti si dawa, ni msaada. Unga mweupe alioletewa na shangazi kutoka Magongo umefungwa kwenye kipande cha gazeti, huo ni mitishamba. Na kile anacholishwa mwari aliyewekwa ndani kabla ya harusi yake, hicho ndicho si dawa kabisa. Hicho ni mapenzi.

Mimi naitwa Sista Kadzo, Mrabai, muuguzi mstaafu, nakaa Mtopanga. Miaka mingi ya kazi yangu niliimalizia kwenye chumba cha wagonjwa wa sukari katika zahanati moja huku huku Kisauni. Nimestaafu na magoti mabovu na ulimi mzima, kwa hivyo nivumilieni.

Nilipoanza hatukuwa na mashine za kutoboa kidole. Tulichemsha mkojo. Unatia maji ya dawa ya buluu kwenye kichupa cha kioo, unadondosha mkojo, unakishika kwa kibano juu ya moto, unangoja. Ikibaki buluu, salama. Ikigeuka kijani, kaa chonjo. Ikigeuka rangi ya tofali, kamwite daktari. Chumba kizima kinanuka, na ile chai ya saa nne na mahamri yake huinywi kwa raha. Kuna wazee waliokuja kutuambia wamejipima wenyewe nyumbani, wameona sisimizi wamekusanyika pale wanapokojoa, na wallahi hawakukosea sana. Nyinyi leo mnatoboa kidole na jibu mnalo kabla mgonjwa hajamaliza kusema "aah". Jibu likija upesi hivyo, mtu hulisadiki upesi, asijiulize amelitafuta saa ngapi. Hilo la saa nitalirudia.

Aliyenitoa ushamba katika kazi hii ni klinikal ofisa mmoja, Mkamba kutoka Machakos, tukimwita Daktari Mutua. Kiswahili chake, Mungu amrehemu kwa hilo peke yake, kilikuwa cha "hii mgonjwa" na "ile kidole", mimi mate yanikauka. Nikimsahihisha ananijibu, "Sista, wewe sahihisha Kiswahili, mimi nisahihishe sukari." Tukapatana hivyo.

Alikuwa na tabia mbili. Ya kwanza ilikuwa mfuko. Kila mgonjwa mpya wa sukari aliambiwa arudi na mfuko wenye kila anachotia mdomoni, anachojipaka na anachochomwa sindano. "Kila kitu," anasema, "hata ya mama mkwe." Basi mifuko ikaja. Habasoda, mafuta ya papa, vidonge vya marehemu mume, na safari moja dawa ya minyoo ya mbuzi, mwenyewe anasema inamfaa tumbo. Tabia ya pili ilikuwa kumkodolea macho mtu aliyemsindikiza mgonjwa. Ya mfuko niliielewa siku ile ile. Hii ya pili nilidhani ni udaku tu wa mwanamume mzima.

Sasa hizi steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na pumu. Si adui, hilo mlishike kwanza, maana nawajua, mtu akishasikia kisa kimoja anaenda kutisha wagonjwa. Nimeona fundi wa Changamwe ameletwa na pumu, midomo imegeuka rangi, hawezi hata kusema jina lake. Akapewa steroidi, na alasiri anauliza kama nje kuna mtu anauza viazi karai. Zinasaidia mapafu, viungo, ngozi, na aliyeandikiwa na daktari wake azinywe kama alivyoambiwa. Lakini kwa upande wa sukari zina mambo yake. Zinalihimiza ini limwage sukari kwenye damu, na wakati huo huo zinaufanya mwili uwe kiziwi kwa insulini. Insulini inapiga hodi, ndani hakuna anayeitika. Mwenye kongosho imara huongeza insulini mpaka mlango ukafunguliwa. Lakini aliye na mama au nyanya mwenye sukari, au mwili mzito, au aliyewahi kupanda sukari akiwa na mimba, huyo huenda akashindwa. Na kadiri dozi inavyokuwa kubwa na muda unavyokuwa mrefu, ndivyo hatari inavyozidi. Hata sindano moja ya goti yaweza kumvuruga mgonjwa wa sukari kwa siku kadhaa, kwa hivyo mwambieni mapema asije akadhani ni wali wa jana.

Tena zina ujanja. Mtu akizimeza asubuhi, mara nyingi sukari inapanda kuanzia adhuhuri, inakaa juu mpaka magharibi, kisha usiku inateremka. Alfajiri ukimpima kabla hajala, waweza kumkuta karibu na kawaida kabisa. Na sisi tulikuwa tukimwambia kila mtu nini? "Njoo asubuhi, usile kitu." Saa nne tumekwisha, vijiti vya kupimia vimefungiwa kabatini. Zahanati nzima tunamvizia mwizi saa ambayo yeye amelala.

Haya, sasa niwape kisa cha Rehema.

Rehema alikuwa msichana wa Mishomoroni, ameposwa, yuko ndani anatunzwa kwa ajili ya harusi iliyobaki wiki chache tu. Aliletwa na watu wawili. Mmoja ni mama yake, mwanamke mfupi mkali. Wa pili ni Bi Mwanasha, somo yake, yaani yule bibi anayemfunda mwari mambo ya ndoa, anamsugua singo ya manukato, anamlisha, mpaka amkabidhi kwa mumewe anang'aa. Bi Mwanasha alikuwa na jina mtaani kwao. Mwari aliyepita mikononi mwake alikuwa hafanani na mwingine.

Shida iliyowaleta ilikuwa jipu la kwapa ambalo halikutaka kupona. Mimi nikaona na utando mweupe mdomoni, na msichana amemaliza chupa nzima ya maji tukisalimiana. "Anakojoa sana?" nikauliza. Mama mtu akasema ni maziwa anayonyweshwa. Bi Mwanasha akatabasamu. "Mwache anywe, Sista. Huoni mashaallah alivyonawiri?"

Na kweli alikuwa amenawiri. Uso mviringo, mashavu yamejaa na kung'aa mpaka macho yamebaki madogo. Wanawake wote kwenye benchi walikuwa wakimtazama yeye tu. Nikampima kidole, asubuhi ile, hajala. Sukari ilikuwa imepanda kidogo, ya kumwambia apunguze halua akirudi nyumbani.

Daktari Mutua akaingia. Akamtazama Rehema, akamwomba akunje mikono ya nguo. Lo! Uso ule, na mikono imekonda kama ya mtu mwingine. Kisha akageuka akamtazama Bi Mwanasha, akamtazama tena, nami nikasema moyoni, basi ashaanza udaku wake.

"Huyu msichana atakaa hapa mpaka saa tisa," akasema.

"Saa tisa!" Mama Rehema karibu aruke. "Daktari, nyumbani kuna watu wa hina!"

"Hina itangoja. Apewe chakula, halafu tutapima tena."

Akala wali na mchuzi, akalala kwenye benchi la ndani. Saa tisa nikatoboa kidole. Mashine haikutoa nambari, iliandika tu kwamba sukari imepita pale inapoweza kusoma. Nikafuta kidole vizuri, nikarudia kwa damu mpya, jibu lile lile. Mulungu wangu! Msichana aliyekuwa karibu mzima asubuhi, na nyanya yake mzaa mama, tulikuja kuambiwa baadaye, alikatwa mguu kwa ajili ya sukari hiyo hiyo.

"Anatumia dawa gani?" Daktari akauliza.

"Hatumii dawa," wakajibu wote watatu kwa pamoja.

"Sawa. Sasa mnieleze anatia nini mdomoni, kutoka alfajiri."

Hapo Bi Mwanasha akafungua kikapu chake bila hofu yoyote. Akatoa liwa, akatoa udi, akatoa chupa ya asali. "Hii anakula kijiko kila asubuhi. Ni asali tu ya nyuki. Nimemsagia humo vile vidonge vya kunawirisha." Na pakiti ya vidonge akaiweka mezani, nusu imetumika. Alikuwa akivinunua bila karatasi ya daktari, kama mtu anunuavyo peremende. Daktari Mutua akaigeuza pakiti, akanionyesha. Steroidi, tena kali.

Akaeleza taratibu kwamba mashavu yale si mnofu, ni uvimbe unaoletwa na dawa, na kwamba dawa hiyo hiyo ndiyo iliyopandisha sukari, na sukari ndiyo inayolilisha lile jipu. Hakumaliza. Mama Rehema alisimama mbele ya Bi Mwanasha. "Umeniulia mwanangu! Nimekupa mtoto umpambe, wewe umempa sumu!"

Yule bibi akajitanda mtandio wake, akatoka, kikapu akakiacha pale chini.

Mama mtu akainyakua pakiti aende akaitupe chooni. Daktari Mutua akamdaka mkono. Sijapata kumwona mtu mpole yule akimshika mgonjwa wala jamaa ya mgonjwa kwa nguvu, ila siku hiyo. "Hapana, mama! Hii haikatwi ghafla."

"Ni sumu, na bado mwataka mumpe?"

"Kidogo kidogo, mpaka ziishe. Ukikata mara moja utampoteza."

Sikilizeni na nyinyi. Juu ya figo kuna tezi mbili zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, ile inayotushikilia tukiugua au tukipata mshtuko. Ukiwa unaleta za dukani kila siku, zile tezi zinaona kazi imechukuliwa na mtu mwingine, zinalala. Siku ukiacha ghafla, huna za dukani wala za mwilini. Presha inaanguka, sukari nayo yaweza kuanguka, mtu anatapika, analegea, na anaweza kufa watu wakidhani ni malaria. Kwa hivyo daktari huipunguza dozi hatua kwa hatua, na akiipunguza, insulini nayo ipunguzwe sambamba, ama mtamwangusha mgonjwa kwa sukari ya chini mliyoitengeneza wenyewe.

Mama Rehema alilisikia hilo. Bi Mwanasha hakulisikia, alikuwa ameshatoka.

Jioni ile tulipomlaza Rehema na kumwanzishia insulini, Daktari akaniuliza, "Sista, ile mama ingine iko wapi?" Nikamjibu kwamba ameenda zake, na kwamba si "ile mama iko", ni "yule mama yuko". Hakucheka. "Uso yake uliona? Na ile alama nyeusi kwenye mikono?" Nikakumbuka. Uso wa Bi Mwanasha ulikuwa mviringo vile vile, kwa umri ule, hauna hata kunyanzi moja, na mikono yake ilikuwa myembamba, ngozi kama karatasi, ina mavilio kila mahali. Nilikuwa nimemwona ni bibi aliyejitunza. Nikaenda kumwuliza Mama Rehema, Bi Mwanasha anakaa nyumba gani. "Mimi simtaji mwanamke yule," akasema, akageukia ukutani.

Ni Rehema mwenyewe aliyetuambia, baada ya siku mbili tatu, kichwa kilipomtulia. Alinishika kanzu. "Sista, nendeni kwa Somo. Yeye huvinywa kabla yangu. Kila asubuhi huanza yeye, ndipo anipe mimi. Alisema hawezi kunilisha asichokila mwenyewe. Yeye amevinywa miaka, tangu magoti yaanze kumsumbua."

Aliponielekeza nyumba, nilitoka mbio na magoti yangu haya. Tuktuk ya kwanza niliyoiona nikaingia, dereva ananiuliza nimefiwa? Nikamwambia bado, kanyaga mafuta.

Mlango wa Bi Mwanasha ulikuwa umerudishwa. Jirani alikuwa nje anachambua mchicha. "Hawezi tangu jana," akaniambia, "ametapika sana. Lakini hataki watu, aona haya. Nimempa ndimu na chumvi." Nikaingia. Alikuwa sakafuni juu ya mkeka, midomo imekauka, jasho la baridi.

"Vidonge, Bi Mwanasha! Umeacha lini?"

"Nalivitupa chooni siku ile ile," akasema, sauti yenyewe naitafuta. "Vyote. Hata vyangu. Sitaki kitu kilichomdhuru mwanangu kinifae mimi."

Kidole kikasema sukari iko chini. Presha nilikuwa naisikia kwa shida. Mimi na dereva wa tuktuk na jirani, mchicha bado mkononi, tukambeba.

Zahanati yetu ilikuwa ndogo, na kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, cha kando ya Rehema. Daktari Mutua akatundika dripu ya chumvi na sukari, akaniambia nivute sindano. Mama Rehema alikuwa ameketi pale kwa bintiye, amesimamisha shingo, hataki kutazama. Kisha akatazama.

"Hiyo unayovuta ni nini?"

"Ni jamii ya ile ile, mama," nikamwambia. "Ile uliyotaka kuitupa. Yeye ndiye aliyeitupa, na sasa yuataka kufa."

Nikachoma. Mama Rehema akasogeza kiti chake upande wa pili, akaivuta miguu ya Bi Mwanasha mapajani kwake, akaanza kuisugua, maana ilikuwa ya baridi. Nilitoka nje nikalia kidogo, kisha nikarudi kubadilisha dripu. Kufikia alasiri Bi Mwanasha alifungua macho akauliza kama Rehema amekula.

Harusi ilifanyika. Rehema alikuwa bado anashushiwa dozi, insulini anachomwa, jipu limefunga, lakini uso ulikuwa haujapungua, huchukua muda. Alipotolewa, ukumbi mzima ukapiga vigelegele. "Mashavu hayo! Somo yake nani?" Bi Mwanasha aliketi kitini kando yangu, mdhaifu bado, anainama kila akisikia jina lake. Mimi chini ya meza nilikuwa na mashine yangu kwenye mkoba, na alasiri ilikuwa imeingia, nikamwambia bibi harusi anipe kidole kabla ya keki. Akanipa, hina na yote.

Steroidi zilipokwisha, sukari ya Rehema ilirudi chini, insulini ikaachwa. Wengine hairudi, hubaki nayo, kwa sababu ilikuwa njiani kuja na dawa zikaiharakisha tu. Kwa hivyo sikumwambia amepona akasahau. Nilimwambia apimwe kila mwaka, na akishika mimba aseme mapema. Hunipitia nyumbani mpaka leo akitoka kupimwa, mfuko mkononi. Safari ya mwisho ndani ya mfuko mlikuwa na dawa ya meno, eti mlisema kila kinachoingia mdomoni.

Bi Mwanasha naye ilibidi azirudie zile dawa, safari hii kwa mkono wa daktari, zikipunguzwa chembe kwa chembe kwa muda mrefu mno, maana tezi zake zilikuwa zimelala usingizi wa miaka. Magoti akapata tiba nyingine na fimbo. Na mabibi harusi wake akawa anawaleta zahanati kabla hajawagusa kwa singo. "Sista, mpime huyu," anasema, "na umpime alasiri, si asubuhi. Na umwulize dada zake wamempa nini."

Mwaka jana nilikuwa naye sokoni Kongowea, tunachagua maembe. Uso wake wa zamani ulikuwa umekwenda. Mashavu yameingia, kunyanzi zimetoka zote kwa pamoja, amekuwa bibi wa umri wake. Mwanamke mmoja aliyemjua akamshika mikono miwili, machozi yanamlenga. "Bi Mwanasha! Maskini, umekwisha! Pole, wallahi, pole sana. Waugua nini?"

Bi Mwanasha akamshukuru kwa adabu zake zote, akangoja mpaka yule mwanamke akaenda, kisha akachukua embe, akalibonyeza, akalirudisha.

"Waona, Sista?" akaniambia. "Nalipokuwa nafa walinisifu. Sasa nimepona, wanipa pole."